Kabla hujamwambia msaidizi wako afungashe, fungua logi ya printa

Leo sina mbinu ya kuongeza wateja wala ya kupiga picha nzuri ya bidhaa. Nina habari ya printa, na ya shilingi 19,200 ambazo nusura zinikosanishe na mama yangu mdogo.

Mimi nauza asali na mafuta ya alizeti kwa WhatsApp na Instagram. Nipo Singida mjini, mzigo unapanda basi kwenda Dodoma, Dar na Arusha. Lebo za chupa na karatasi za kubandika kwenye boksi naprinti mwenyewe dukani. Na kwa kuwa printa ipo, na kuna wiki oda za mtandaoni hazitoshi hata kulipia fremu, naprintia na watu wa mtaani: barua za kuomba kazi, mitihani ya majaribio, katiba za vikundi. Ukurasa mmoja shilingi 200. Kompyuta sikusomea popote, shule nimeishia kidato cha nne. Nimejifunza kwa kuharibu na kutengeneza.

Sasa, ukiuza mtandaoni unajua ilivyo. Huwezi kukaa dukani muda wote. Asubuhi uko stendi na maboksi, mchana unafuata madebe ya asali. Kwa hiyo nilimchukua binti wa mama mdogo kutoka Ikungi anisaidie. Na ili nijue kazi inakwendaje nisipokuwepo, nikaweka programu ndogo ya bure ya kuhesabu kurasa zinazoprintiwa. Jioni nafungua ripoti, naangalia jumla, natoa lebo zangu, nazidisha mara 200, nalinganisha na hela ya kwenye droo. Nilijiona mjanja kweli.

Jumamosi moja ripoti ikasema kurasa 188 za wateja. Hiyo ni 37,600. Kwenye droo kulikuwa na 18,400. Pungufu 19,200. Na haikuwa mara ya kwanza, ilikuwa ya tatu ndani ya mwezi mmoja.

Nikamuuliza. Akasema, "Dada, hela yote ni hiyo, sijagusa." Nikamwonyesha ripoti kwenye kioo cha kompyuta. Akaangalia ile namba, akanyamaza. Nami nikachukua kule kunyamaza kwake kama jibu. Nikamwambia Jumatatu asubuhi apande gari arudi nyumbani, mama mdogo nitampigia mwenyewe.

Jumapili nilikuwa peke yangu dukani nikikata lebo. Kuna kitu kikawa kinanisumbua. Alikuwa na mwezi wa nne pale, na hela za oda za mtandaoni zinapita kwenye simu ya duka ambayo anaishika yeye. Siku moja mteja wa Dodoma alituma 85,000 badala ya 58,000, yeye ndiye aliyenipigia simu turudishe iliyozidi. Mtu anayerudisha 27,000 ambayo mimi nisingeijua, aje aibe kurasa za mia mbili mbili? Nikasema ngoja nione hiyo 188 imetoka wapi.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Ripoti tunayoiangalia jioni ni jumla tu. Nyuma yake kuna faili ambalo programu inajiandikia kila kinachotokea, mstari kwa mstari, na saa yake. Hilo ndilo linaloitwa logi. Ni kama daftari la duka: mwisho wa siku unaandika "mauzo 40,000", lakini ukigombana na mtu huangalii ile jumla, unarudi juu kuangalia nani alichukua nini na saa ngapi. Programu nyingi za kusimamia uchapaji zinaliweka faili hili kwenye folda iliyoandikwa "logs" pale zilipojisakinisha, na mara nyingi linafunguka kwa Notepad au Excel. Langu lilikuwa la Excel. Miezi yote ile sikuwahi kulifungua hata mara moja.

Nikashuka hadi Jumamosi. Nikakuta hivi, nawaandikia kwa lugha yangu:

10:41, kurasa 32.
10:43, kurasa 32.
10:46, kurasa 32.
10:52, kurasa 32.

Hati ileile, jina lilelile: katiba ya kikundi. Saa nne na dakika 41 hadi saa nne na dakika 52 asubuhi, yaani wakati mimi niko stendi natafutia maboksi nafasi kwenye buti la basi. Kurasa 32 mara tatu ni 96. Na 96 mara 200 ni 19,200. Ile hela yote, kamili, ilikuwa kwenye mistari mitatu.

Ukweli ni kwamba mawazo yangu ya kwanza hayakuwa mazuri. Niliwaza: kumbe aliprinti nakala nne, akaandika moja. Ningeishia hapo ningekuwa nimepata "ushahidi". Ila nikaona safu ya jina la printa haifanani. Mistari mitatu ya juu ilikuwa na jina la printa yetu kama nilivyolizoea. Mstari wa nne ulikuwa na jina hilohilo lakini mwishoni kuna maneno "Copy 1". Dukani nina printa moja. Hii ya pili imetoka wapi?

Nikafungua mahali pa printa kwenye Windows. Kweli, zilikuwa mbili, moja imefifia. Nikabonyeza ile iliyofifia ili nione foleni yake. Hati tatu zilikuwa zimekaa humo, zimetulia, kurasa 32 kila moja, tangu Jumamosi saa nne. Hazijawahi kutoka. Hakuna karatasi hata moja iliyotumika.

Niliketi chini kabisa.

Kilichotokea ni hiki. Kila tundu la USB ambalo printa imechomekwa, Windows inalipa jina, USB001, USB002 na kuendelea. Kuna printa ambazo ukizihamishia tundu jingine, Windows inadhani ni printa mpya. Inaitengenezea jina jipya lenye "Copy 1", inaipa mlango wa USB002, na ile ya zamani inabaki imetundikwa kwenye USB001 ambako hakuna kitu. Na ile ya zamani ndiyo inayobaki kuwa chaguo la kwanza. Kwa hiyo msaidizi akibonyeza kuprinti, kompyuta inapokea, programu ya kuhesabu inaandika kurasa 32, printa kimya. Anabonyeza tena. Kimya. Tena. Mara ya nne akagundua kuna jina la pili, akalichagua, ikatoka. Mteja akalipa 6,400, akaenda zake.

Programu yangu ilihesabu kilichotumwa, sio kilichotoka. Hiyo tofauti ndogo ndiyo iliyotaka kumrudisha mtoto wa watu Ikungi na jina baya.

Na nani alihamisha waya? Mimi. Asubuhi ile simu haikuwa na chaji, na tundu la mbele la kompyuta ndilo linalochaji vizuri. Nikachomoa printa, nikachomeka simu, waya wa printa nikauchomeka nyuma. Nikaondoka.

Nieleze na kitu kingine kinachoniuma zaidi. Kuna siku ya nyuma, ile ya upungufu wa pili, aliniambia, "Dada, printa inatoa karatasi yenyewe." Nikacheka. Nikamwambia atakuwa amebonyeza bila kujua. Zilikuwa kurasa 14, nikazikata nikafungia chupa. Sasa najua: nilikuwa nimerudisha waya kwenye tundu la zamani, na foleni iliyokuwa inasubiri ikapata njia. Nilipoangalia logi ya siku hiyo nikaona hati ile ilitumwa jana yake jioni, mara mbili, kwa majina mawili tofauti ya printa. Alikuwa anasema kweli.

Upungufu wa kwanza wa mwezi ule, 3,400, sijaupatia maelezo. Kwenye logi hakuna hati iliyojirudia, na jina la mtumiaji ni moja tu, "Admin", kwa sababu mimi na yeye tulikuwa tunaingia kwa akaunti moja. Hapo logi haiwezi kusaidia. Inaandika akaunti gani imetuma, haioni nani amekaa kwenye kiti. Baada ya hapo nilifungua akaunti mbili za Windows, yake na yangu. Inachukua dakika tano. Na nikikaa nikakumbuka vizuri, mwezi ule niliwaprintia majirani vitu kwa mkopo usiku usiku. Nimeacha kuihesabu.

Sasa tuje kwenye kompyuta yako. Windows yenyewe ina logi ya uchapaji hata kama huna programu yoyote ya kuhesabu, ila sehemu muhimu inakuja ikiwa imezimwa. Na mimi niliikuta imezimwa, kwa hiyo kwa kesi yangu ilikuwa tupu. Iwashe leo, usisubiri ugomvi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika eventvwr, fungua. Upande wa kushoto fuata "Applications and Services Logs", kisha "Microsoft", kisha "Windows", kisha "PrintService". Utaona mbili: "Admin" inayoandika makosa, hii huwa imewashwa tayari, na "Operational" inayoandika kila kitu. Bonyeza "Operational" kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Enable Log". Ingia pia kwenye "Properties" yake uongeze ukubwa, maana ikijaa inafuta ya zamani ili iandike mpya, na duka lenye kazi nyingi linaijaza haraka.

Ukishaiwasha, namba ya kuitafuta ni 307. Hiyo maana yake hati imechapwa, na ndani yake kuna jina la printa, mlango uliotumika na idadi ya kurasa. Ukiona kazi imetumwa na hakuna 307 yake, usiseme imeprintiwa. Namba 372 ni hati iliyoshindwa, na maelezo yake yanakuja na namba ya kosa, hiyo ndiyo ya kumpa fundi. Halafu kuna mtego mmoja: 307 inahesabu kurasa za hati, sio nakala. Mteja akitaka nakala kumi za kurasa mbili, 307 inaweza kukuonyesha mbili tu. Idadi ya nakala inaandikwa kwenye namba 805. Usipojua hilo utakosea upande wa pili, utadhani msaidizi amezidisha hela.

Usishangae pia ukikuta majina ya hati yote yameandikwa "Print Document". Windows mpya zinaficha jina la hati. Mimi nimeacha hivyohivyo. Watu wanaleta vyeti vya hospitali na mikataba ya viwanja, sina haja ya kutunza majina yake. Na kama logi yako ina majina, kabla hujaipiga picha ukairusha kwenye grupu la mafundi, funika majina. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, huyo ni mteja wako.

Kuhusu debug, maana wengi mtaliona hilo neno mkasogea pembeni. Logi ya kawaida inaandika mambo makubwa tu. Ukiwasha debug, programu inaanza kuandika kila hatua ndogo: nimepokea kazi, nimeuliza printa, printa haijajibu, nimejaribu tena. Programu kubwa za maofisini na vyuoni kama PaperCut zinayo, logi yao kuu inaitwa server.log. Anayetumia Linux, uchapaji unaendeshwa na CUPS, logi iko /var/log/cups/error_log, na unawasha maelezo ya ziada kwa kuandika cupsctl --debug-logging, unazima kwa cupsctl --no-debug-logging. Usiiache imewashwa wiki nzima. Faili linavimba, na ule mstari unaoutaka unazama au unafutwa. Iwashe, andika saa kwenye karatasi, rudia tatizo mara moja tu, izime, ndipo ufungue faili uende moja kwa moja kwenye saa ile.

Na saa yenyewe iwe sahihi! Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na kaugonjwa: umeme ukikatika, ukirudi tarehe imerudi nyuma miaka. Ni ile betri ya duara kama sarafu kwenye mbao kuu, CR2032, imekufa. Logi yenye tarehe ya uongo haina kazi, huwezi kuilinganisha na meseji za malipo kwenye simu. Mimi hizo meseji ndizo nazitumia kama shahidi wa pili. Logi inasema 10:52, meseji ya malipo ya katiba ilikuja saa nne na dakika 55. Zinaendana.

Shahidi wa tatu ni printa yenyewe. Printa nyingi zinaweza kutoa karatasi ya taarifa zake yenye hesabu ya kurasa zote ilizowahi kuchapa. Andika hiyo namba asubuhi na jioni. Kompyuta ikisema 188 na printa ikisema 92, amini printa, ndiyo iliyoshika karatasi. Wale mnaotumia printa ndogo za risiti na lebo kwa bluetooth ya simu, nyingi ukishikilia kitufe cha kusogeza karatasi huku unaiwasha inatoa karatasi ya majaribio. Ikitoka safi, printa ni nzima, tatizo litafute kwenye simu au muunganiko.

Kuna ushauri mmoja umezagaa, na mimi mwenyewe nilikuwa naufuata: printa ikigoma, simamisha "Print Spooler", ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vyote, washa tena. Inafanya kazi, sikatai. Mafaili ya .SPL na .SHD utakayokuta humo ndiyo kazi zilizokwama. Lakini angalia, kwangu yalikuwa mafaili sita, mawili kwa kila hati, yana tarehe na saa ya Jumamosi. Ningekuwa nimefuta kwanza kama kawaida yangu, yale mafaili yangeondoka na foleni ingekuwa nyeupe. Ningebaki na mistari minne ya kurasa 32 na binti anayelia. Kwa hiyo kwanza piga picha foleni, piga picha folda, ndipo ufute. Na usirudishe waya kwenye tundu la zamani kabla hujafuta foleni, la sivyo zitatoka zote, karatasi na wino wako.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi. Nilifuta zile hati tatu, nikarudisha waya kwenye tundu lake, nikaondoa ile printa ya "Copy 1". Ukipenda kubaki na tundu jipya, ingia "Printer properties", sehemu ya "Ports", badilisha USB001 iwe USB002. Halafu nikachukua rangi ya kucha nyekundu nikapaka juu ya tundu la printa na kwenye kichwa cha waya. Simu yangu sasa inachajiwa ukutani.

Jumapili ile saa kumi na mbili jioni nilimpigia aje dukani. Alikuja na begi tayari, akidhani namlipa siku zake. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamfungulia ile foleni kabla sijaifuta, nikamwonyesha mistari minne. Nikamwambia nimekosea, nisamehe. Akaangalia muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo dada, ile siku inatoa karatasi yenyewe, ilikuwa hii hii?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilikwambia."

Yupo hadi leo. Ripoti ya jioni anaifunga yeye, na siku ya kwanza alinirudishia mahesabu kwa sababu lebo zangu mwenyewe nilikuwa nimezihesabu mara mbili.